Kucha za shaba mezani

Tangu jana usiku akili yangu imebaki kwenye vidole vya wale akina dada wacheza ngoma.

Hapa Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand, mgeni akialikwa khantoke, mlo wa jadi wa huku, huketi chini, mbele yake kukawekwa sinia la mbao la duara lenye miguu mifupi. Wali wa kunata huja kwenye kikapu kidogo cha mwanzi, pamoja na mchuzi mzito wa hang le wenye tangawizi na nam phrik ong ya nyanya na pilipili. (Hivyo viwili hupikwa kwa nyama ya nguruwe, kwa hiyo asiyekula aseme mapema.) Chakula kilikuwa kitamu, ila ngoma ilipoanza niliacha kula.

Ilikuwa fon lep, ngoma ya kucha. Wanawake waliingia kwa mstari, nywele zimefungwa fundo na kuchomekwa maua, kila kidole isipokuwa gumba kimevishwa ukucha mrefu wa shaba ya manjano. Mwendo wake ni wa taratibu mno. Kiganja kinageuka, vidole vinafunguka kimoja kimoja, ncha za shaba zinapeperuka nyuma yake huku mabega yametulia kabisa. Nilimkazia macho mmoja wa pembeni: hata alipopita nyuma ya wenzake, mahali ambapo hakuna mgeni angemwona, mikono yake haikulegea.

Meza za jirani waliendelea na maongezi. Iliniuma, maana fon lep asili yake ni maandamano ya kupeleka sadaka hekaluni. Shangwe zilikuja baadaye, ngoma ya panga ilipoingia.

Jirani yangu alisema hayo yote ni maonyesho ya watalii tu. Mimi sikubali. Dara Rasmi, binti wa mtawala wa Chiang Mai aliyekuwa mke wa Mfalme Chulalongkorn wa Siam (Thailand ya leo), alirudi kwao mwaka 1914, mfalme akiwa ameshafariki, na kwenye kasri lake ngoma za Lanna, ufalme wa kale wa huku kaskazini, zikafundishwa na kupangwa upya. Bila mikono ya namna hiyo sidhani kama tungeziona leo. Ngoma kutoka hekaluni kwenda kasrini, na kutoka kasrini kwenda ukumbi wa chakula, haijawa ya uongo. Mchezaji amejifunza kwa miaka, na anastahili ujira wake.

Kinachonikera ni haraka. Baada ya ngoma za kaskazini, onyesho likaturusha hadi za Isan, kaskazini mashariki, kwenye zumari za mianzi za khaen na miguu myepesi, kisha kusini kwenye Nora, ngoma ya maigizo, mavazi yake yote shanga, na tayari watu wanaletewa matunda. Nora hiyo UNESCO iliiingiza kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2021, na kule kwao ibada yake ya kuwaheshimu walimu na mababu huchukua siku kadhaa. Sisi tulionjeshwa dakika chache, bila hata sentensi moja ya kutuambia tunatazama nini. Mtu mmoja mwenye kipaza sauti angetosha!

Leo asubuhi nimemuuliza mama wa nyumba ninayolala ni hekalu lipi litakuwa na sherehe karibuni. Amenitajia moja nje ya mji, na amesema binti yake atakuwa kwenye mstari.