Tulivyowafungulia Waandishi wa Habari Lango la Uwanja wa Easofti

Anayecheza easofti, mchezo wa timu wa kurushiana gololi ndogo za plastiki kwa bunduki bandia zinazofanana na halisi, huzoea kuukuta mchezo wake kwenye habari kwa njia mbili. Ya kwanza ni taarifa ya polisi: mtu kapora kwa kutumia bunduki bandia, na chini ya kichwa cha habari pamewekwa picha ya bunduki ambayo sisi tunaitambua mara moja. Ya pili ni makala ya mwisho wa wiki kuhusu watu wazima wanaocheza vita, na picha yake ni ya mtu aliyejificha uso, kaelekeza mtutu kwenye kamera. Katika zote mbili mchezaji mwenyewe hasikiki. Nimewasikia wenzangu wakilisema hilo tangu nilipoanza kucheza, tukiwa tumekaa eneo la mapumziko tunajaza gololi kwenye magazini, yaani visanduku vya gololi vinavyochomekwa kwenye bunduki: wametuandika bila kutuuliza.

Kundi letu liliponipa kazi ya usemaji, lango lilikuwa limefungwa. Mwanahabari akipiga simu, jibu lilikuwa moja, kwamba hatuzungumzi. Sababu ilikuwepo. Gazeti moja liliwahi kuchukua picha za mchezo wetu na kuzitumia kwenye habari ya uhalifu uliofanywa na watu ambao hatukuwajua hata kwa sura. Baadhi ya waliopigwa picha walilazimika kujieleza kazini na kwa wakwe. Uchungu wao niliuheshimu na bado nauheshimu. Lakini nilipotazama nyuma niliona kwamba kimya chetu hakikuzuia habari hata moja kuandikwa. Walioandika waliendelea kuandika, wakakosa tu wa kuwasahihisha.

Nilianza kwa kusoma. Nilikusanya habari zote nilizoweza kuzipata, za magazeti na za televisheni, nikawa natafuta uongo ndani yake. Sikuukuta mwingi kama tulivyokuwa tukiambiana. Nilichokikuta zaidi ni mkanganyiko: bunduki ya upepo inayorusha vipande vya metali, bunduki ya peintiboli inayorusha vidonge vya rangi na bunduki ya easofti vimetiwa kapu moja, na nguvu ya moja imetajwa kana kwamba ni ya nyingine. Mwandishi wa namna hiyo hana nia mbaya. Ana saa mbili za kumaliza kazi na hana mtu wa kumuuliza.

Tulipokaa kujadili tuseme nini, kundi liligawanyika. Wengi walitaka tuwaambie waandishi kwamba hivi ni vitu vya kuchezea na hakuna cha kuogopa. Nilipinga kwa nguvu zangu zote, na hili ndilo jambo ninaloliamini kuliko mengine katika kazi hii. Bunduki zetu zimetengenezwa zifanane na halisi kwa ukubwa, umbo na mara nyingi hata uzito. Kwa umbali wa hatua chache tu, askari mwenye uzoefu anaweza asitofautishe. Mwandishi akifika uwanjani analiona hilo kwa macho yake kabla hajasalimiwa. Sentensi yako ya kwanza ikikanusha anachokiona, ya pili hataiamini, hata ikiwa ya kweli kabisa. Mzee mmoja wa kundi, ambaye nilidhani atakuwa wa mwisho kukubali, ndiye aliyemaliza mjadala. Alisema, "Mficha uchi hazai. Yale magumu tuyaseme sisi wenyewe, tuyaseme kwanza."

Basi nikaandaa karatasi moja ya kumpa kila atakayekuja, na magumu yakakaa juu. Kwamba bunduki zetu zinafanana na za kweli. Kwamba gololi ikilipata jicho lisilo na kinga inaweza kulipofua. Kwamba ndiyo maana bunduki husafirishwa ndani ya mfuko uliofungwa, magazini imetolewa na betri imechomolewa, na hakuna anayeishika hadharani. Chini yake nikaweka hesabu, kwa sababu waandishi wanapenda namba na zisipotoka kwetu watazitoa kwingine. Gololi ya plastiki ya milimita 6, yenye uzito wa gramu 0.20, ikitoka kwa kasi ya mita 100 kwa sekunde hubeba nishati ya jouli 1 (jouli ni kipimo cha nishati). Kidonge cha peintiboli, chenye takriban gramu 3, kikienda mita 90 kwa sekunde hubeba zaidi ya jouli 12. Nikaongeza mifano ya sheria: Japani, ambako mchezo ulizaliwa miaka ya 1970, iliweka kikomo cha jouli 0.98 mwaka 2006. Uingereza mwaka huohuo ilipitisha sheria ya kubana uuzaji wa bunduki bandia zinazofanana mno na halisi, ikiwaachia wachezaji nafasi yao, na mwaka 2017 ikaweka kikomo cha jouli 1.3 kwa zinazofyatua mfululizo na 2.5 kwa zinazofyatua moja moja. Nilitaka mwandishi aone kwamba serikali zimeshaupima mchezo huu na kuuwekea mipaka bila kuufuta.

Wa kwanza kuja alikuwa dada mmoja wa gazeti, pamoja na mpiga picha wake. Sikumwomba asichapishe hadi niisome makala. Vyumba vya habari vinalikataa ombi hilo, na kuliomba tu kunamfanya mtu ahisi unaficha jambo. Nilimwomba anisomee kwa simu namba na majina ya vifaa kabla hajakabidhi kazi. Alikubali bila kusita. Nilimwomba pia asubuhi ile asimame na wachezaji wote wakati wa maelekezo, kamera ikiwa bado mfukoni, aoneshwe kipima kasi cha bunduki kama mgeni yeyote na avae miwani ya kinga. Kwa upande wetu tuliulizana mapema nani hataki kuonekana. Palikuwa na mwalimu ambaye hakutaka wazazi wa wanafunzi wake wamwone na bunduki ya aina yoyote gazetini, na hakudaiwa maelezo. Kuna aliyependekeza siku ile tuvae nguo za kawaida badala ya zile za madoadoa ya msituni. Nilikataa. Aje atuone tunavyocheza siku zote.

Suala la picha lilinipa kazi kuliko maneno. Mpiga picha hulipwa kwa picha inayomsimamisha msomaji, na mtu mwenye barakoa na mtutu humsimamisha kila mtu. Ukimkataza anaipiga akiwa nje ya uzio. Nilichofanya ni kumtafutia nyingine nzuri za kutosha: refa akipima kasi ya bunduki huku foleni ikisubiri, baba na binti yake aliyekwisha kuwa mtu mzima wakifungana kamba za miwani, wachezaji wa timu mbili wakicheka eneo salama nyuso zao zikiwa wazi. Alipiga zote, na ile ya barakoa pia.

Kilichomgusa yule dada hakikuwa kwenye karatasi yangu. Baada ya mzunguko wa kwanza aliniuliza, "Sasa kaka, hizi gololi hazina rangi kama za peintiboli. Refa anajuaje nani kapigwa?" Nikamwambia hajui. Aliyepigwa anasema mwenyewe. Ananyanyua mkono, anatamka kwamba amepigwa, anatoa kitambaa chekundu na kuondoka uwanjani, hata kama alikuwa peke yake nyuma ya ukuta na hakuna aliyemwona. Akaniangalia kama ninayemtania. Mzunguko uliofuata akajibanza kwenye kibanda cha refa, na pale pale mbele yake kijana aliyekuwa karibu kuifikia bendera akasimama ghafla, akanyanyua mkono, akatoka. Refa hakuwa ameona kitu. Mpigaji mwenyewe alikuwa hajajua kama kapata. Yule dada alikwenda kumhoji yule kijana kwa muda mrefu kuliko alivyonihoji mimi, na alikuwa na haki. Mtu anaweza kuandika kurasa nyingi kuhusu mitutu na asiuone moyo wa mchezo huu, ambao ni kukubali kupigwa wakati hakuna anayeweza kukulazimisha ukubali.

Kisha tukaketi, na jambo zito nikalianza mimi kabla hajaniuliza. Novemba 2014, katika jiji la Cleveland nchini Marekani, polisi walimpiga risasi Tamir Rice, mtoto wa miaka 12, akiwa na bastola ya easofti ambayo alama yake ya rangi ya chungwa kwenye mdomo wa mtutu, ya kuonyesha kwamba si halisi, ilikuwa imeondolewa. Alikufa. Kila jina lake linapotajwa kwenye habari, jina la mchezo wetu hutajwa pamoja nalo, na najua wachezaji wengi wanaokimbilia kusema kwamba yule hakuwa mchezaji, hatuhusiani naye. Silipendi jibu hilo. Mtoto amekufa, na kitu alichoshika ni kitu tunachokipenda na kukinunua. Nilimwambia yule dada kwamba kifo kile hakiwezi kuwekwa mabegani mwa mtoto wala cha plastiki alichoshika, na kwamba papo hapo sisi wenye bunduki hizi tuna wajibu: kufuli kabatini, mfuko uliofungwa njiani, kutomwazima mtoto akacheze nje hata kwa dakika moja. Aliandika yote hayo kama nilivyoyasema, na kwa macho yangu ndiyo aya bora ya makala yake.

Makala ilipotoka, kichwa chake kilikuwa na neno "vita", na picha kubwa ilikuwa ya barakoa. Simu yangu haikupumzika. Wenzangu waliona tumesalitiwa. Niliwaeleza kwamba mwandishi mara nyingi hachagui kichwa cha habari wala picha ya juu, hiyo ni kazi ya dawati la wahariri, na nikawasihi wasimwandikie matusi. Ndani ya makala yenyewe kulikuwa na kosa moja: mahali fulani kwenye uhariri futi zilikuwa zimegeuka mita, na gololi zetu zikawa zinaruka kwa kasi zaidi ya mara tatu ya kasi halisi. Nilimwandikia mhariri barua fupi nikiomba kosa hilo tu lirekebishwe. Kuhusu kichwa cha habari sikusema kitu, kwa sababu hayo ni maoni na maoni ni yao. Walichapisha masahihisho. Nadhani ile barua fupi ndiyo iliyotusaidia zaidi, kuliko hata siku nzima ya uwanjani.

Si wote walioridhika. Wapo waliohamia makundi ambayo bado yamefunga lango, na hoja yao naielewa: mwenye kazi nyeti anaweza kupoteza mengi kwa picha moja. Ndiyo maana suala la nani aonekane na nani asionekane huwa naliuliza upya kila anapokuja mgeni, hata kwa waliowahi kukubali.

Baadaye palitokea uporaji mwingine, na safari hii mwandishi wa dawati la uhalifu la gazeti lile alinipigia kabla ya kuchapisha. Namba alipewa na yule dada. Alinitumia picha iliyotolewa na polisi akaniuliza kama ile ni ya easofti. Nilimwambia ndiyo, ni ya aina tunayochezea, hurusha gololi za plastiki, na mhudumu wa duka aliyeelekezewa ile hakuwa na namna ya kujua hilo. Nilimwomba wasitumie picha za uwanjani kwetu. Waliweka ile ya polisi peke yake, na wakaeleza kwa sentensi mbili ilivyo na inavyopaswa kubebwa. Habari ile haikutusifu hata kidogo. Niliipeleka uwanjani wikendi iliyofuata, ikapita mikononi mwa watu wote, na hata wale wakali wetu hawakuona pa kulalamikia.