Pindo la leso kwenye gauni jeusi

Ukifika soko la mitumba la Toi au Gikomba, hapa Nairobi, asubuhi, nguo zenye madoido huondoka na wale wa kamera, yaani wateja wanaochagua mapema na kulipa zaidi. Zinazobaki kwenye lundo ni zile tupu, zisizo na ua wala lesi. Mimi huzitafuta hizo. Kitambaa chake mara nyingi ni kizuri, na hakuna aliyeniamulia urembo.

Gauni nililorembesha juzi ni jeusi tii, la pamba, limenyooka hadi chini ya magoti. Wengi wangekimbilia kitenge. Lakini sina cherehani, nashona kwa mkono, na kitenge kizito ni kikaidi kukunja. Tena maua yake makubwa ukiyakata utepe mwembamba hayaeleweki. Nikaenda Biashara Street kununua leso, yaani kanga. Pindo la leso limeshachorwa likanyooka pande zote nne, na kitambaa ni chepesi. Leso moja ina kama mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo, kwa hiyo pindo peke yake linafika mita tano hivi. Gauni lisilochanua halimalizi hata nusu yake.

Nilichukua kisutu, ile nyekundu, nyeusi na nyeupe inayojulikana kwa maharusi wa Pwani. Muuzaji aliposikia nataka kuikata akasema, "Dada, si ukate kitenge? Leso ni ya kujifunga." Nikalipa upesi asije akaghairi.

Kabla ya mkasi, maji. Nyekundu huchuja, na pamba mpya hurudi ikifuliwa. Pindo likirudi likiwa limeshashonwa, gauni zima litakunjamana chini. Niliiloweka, nikamwaga na kubadilisha maji mpaka yakabaki safi, nikaianika, nikaipiga pasi.

Nilikata pindo nikiacha upana wa kidole kila upande, kisha nikaukunja huo upana kwa ndani na kuupiga pasi mpaka ukalala. Usiruke hapo: mkunjo uliopigwa pasi hujishika wenyewe, usiopigwa utapigana nao hadi mwisho. Nikaweka pini, nikaanzia kwenye mshono wa ubavuni ili maungio yasionekane mbele. Halafu nikapiga bandi kwa uzi mweupe, mishono mirefu ya kung'olewa baadaye, nikalivaa gauni na kujitazama kwenye kioo. Ukiwa na bandi bado unaweza kubadili mawazo.

Mshono wenyewe ni wa kujificha. Sindano inachota nyuzi mbili tatu za gauni, inaingia ndani ya mkunjo wa leso, inasafiri humo kama nusu sentimita, inatoka, inachota tena. Uzi mweusi, mmoja, usiozidi urefu wa mkono, maana mrefu hujifunga mafundo. Usivute sana. Ukiona kitambaa kinaanza kukunjana, legeza papo hapo.

Shingoni mambo ni mengine. Utepe ulionyooka haukubali kuzunguka mviringo. Utasimama na kuleta makunyanzi. Huko nilikata mshazari, kutoka katikati ya leso, yaani kwenye mji. Kitambaa kikikatwa hivyo hunyumbuka na kufuata shingo bila ugomvi.

Rafiki yangu alishauri niongeze shanga kifuani. Nikakataa. Kisutu kina kelele za kutosha, na weusi wa gauni ndio unaokifanya kionekane.

Nalifua peke yake kwa maji baridi, limegeuzwa ndani nje, na kulianika kivulini.

Leso huuzwa mbili mbili, kwa hiyo moja imebaki nzima. Dada yangu ameshaiomba, ila amenitahadharisha nisiikaribie na mkasi. Yeye anataka ya kujifunga.