Samora alipopita Kongwa

Ukitoka Dodoma kuelekea Morogoro, ukikata pale Mbande unafika Kongwa. Mradi wa karanga wa Waingereza ulishindwa hapo, udongo ukikauka unakuwa kama saruji. Mwaka 1964 FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji kutoka kwa Ureno, wakaweka kambi palepale. Samora Machel, muuguzi aliyetoka mafunzoni Algeria, akapewa kuiongoza.

Watu humsifu kwa hotuba. Kwangu mimi, ugavi ndio uliombeba: risasi zilivuka Ruvuma, kisha zikabebwa kichwani na watu waliokwenda kwa miguu, wanawake wakiwemo. Mwaka 1970 Ureno ilipomimina askari Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, hakung'ang'ania kambi (kosa linalomaliza waasi wengi). Aliwatawanya wapiganaji, akasukumia vita mkoa wa Tete, magharibi, jeshi la Ureno likabaki limejazana kaskazini.