Hatutawatangulia

Leo siku ya sita na swali la Baba Mkwe bado linanizunguka kichwani.

Mama Mkubwa, niliyewaandikia kwamba amezidiwa, tulimzika Jumamosi. Kwenye ibada, mjukuu wake aliyekulia Uingereza alisoma 1 Wathesalonike 4 katika Biblia ya Kiingereza ya marehemu, ile tafsiri ya King James ya mwaka 1611, nami nikaombwa kutafsiri. Nilikwenda vizuri hadi mstari wa 15, penye neno "prevent". Nikasema kwa sauti ya kusikika hadi nje ya turubai: "Sisi tulio hai hatutawazuia wale waliolala."

Jioni nikiwanawisha wazee mikono, Baba akaniita pembeni.

"Mama Upendo, tutawazuiaje, nao wameshafika?"

"Kiingereza kimeandika hivyo, Baba."

"Basi kitazame tena. Mstari huo naujua tangu utoto: hatutawatangulia."

Miaka 14 nafundisha Kiingereza! Mtihani wa mock wa kidato cha nne umeanza, Upendo kang'oka jino, na mimi bado nimesimama pale na birika mkononi. Tutawazuiaje, nao wameshafika?

Juzi nikafungua kamusi. Neno limetoka Kilatini: "prae" ni mbele, "venire" ni kuja. Enzi za Biblia ile, "prevent" ilikuwa kutangulia. Lakini anayekutangulia mlangoni anaweza pia kukuzibia njia, na maana hiyo ya kuzuia ndiyo iliyobaki. Nikatafuta kitenzi hicho kwingine, nikakikuta Zaburi 119:147. Mtunzi anasema ame-"prevent" mapambazuko: aliamka kabla hakujakucha, akaomba. Alfajiri nani aizuie?

Nikacheka peke yangu mezani, mara ya kwanza tangu msiba. Kumbe neno nilikuwa nalo. Wiki nzima nimewapokea waombolezaji kwa hilo hilo: "Mama ametutangulia."

Jana nikampigia Baba, nikamweleza yote. Akanyamaza kidogo.

"Basi nisomee tena."

Nikamsomea polepole, kwa Kiingereza kisha kwa Kiswahili. Nilipofika kwenye "hatutawatangulia" tukalitamka pamoja.