Kwa nini kila tasnifu ina watu 384

Fungua tasnifu za afya ya jamii zilizoandikwa na wanafunzi wa Mombasa, nenda moja kwa moja sura ya tatu. Mara nyingi sampuli ni watu 384, awe mwandishi anachunguza kuhara kwa watoto Likoni au presha ya makuli wa bandarini. Msimamizi akiuliza imetoka wapi, jibu ni "kwenye fomula".

Fomula yenyewe haina kosa. Ni 1.96 × 1.96 × 0.5 × 0.5, ugawanye kwa 0.05 × 0.05. Unapata 384.16, na kwa haki uandike 385, kwani sampuli hupandishwa, haishushwi. 1.96 ni ya uhakika wa asilimia 95, 0.5 ni kisio la wenye tatizo pale usipojua lolote, 0.05 ni kosa unalolivumilia kila upande. Tatizo likiwa kwa asilimia 3 tu ya watu, kosa la asilimia 5 ni kichekesho: mpaka wa chini unakuwa hasi. Punguza kosa liwe asilimia 1, na sasa unahitaji watu 1,118.

Kubwa zaidi ni hili: fomula inadhani kila mtu amechaguliwa peke yake. Sensa ya 2019 ilipata watu 1,208,333 Mombasa, na mtafiti hana orodha ya majina yao. Anachofanya ni kuchagua maeneo ya kuhesabia (vipande vidogo vilivyogawanywa kwa ajili ya sensa), kisha kaya kadhaa ndani ya kila eneo. Sasa kaya 20 za mtaa mmoja wa Mtongwe hununua maji kwa mwenye mkokoteni yuleyule na hupeleka watoto zahanati ileile. Ukiuliza juu ya kuhara, hujapata majibu 20 yaliyo huru.

Kwa hiyo zidisha sampuli kwa 1 + (kaya kwa eneo − 1) × kiwango cha kufanana, yaani jinsi majibu ya kaya za eneo moja yanavyoelekea kufanana. Tuseme kiwango ni 0.05 (kitafute katika tafiti za tatizo lilelile, usikibuni). Kwa kaya 20, kizidisho ni 1.95, na 385 inakuwa 751. Wasiojibu wakikisiwa asilimia 10, gawanya kwa 0.9 upate 835. Wengi huzidisha kwa 1.1 na kubaki na 827, pungufu. Kaya 835, kwa 20 kila eneo, ni maeneo 42.

Ukichukua kaya 10 kwa eneo, kizidisho hushuka hadi 1.45 na kaya 622 zatosha, ila maeneo yanakuwa 63. Nauli, feri na siku za wahojaji ndizo zitakazoamua, na mwanatakwimu asiyeuliza bajeti hapa hajamaliza kazi yake.

Uwanjani, orodhesha kaya, si milango ya barabarani. Nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita vya kupangisha yaweza kuwa na kaya sita nyuma ya mlango mmoja. Eneo likiwa na kaya 120 nawe unataka 20, chagua kwa bahati namba kati ya 1 na 6, kisha ruka sita sita. Kaya isipopatikana, rudini jioni au Jumamosi. Msihamie kwa jirani aliyeko: anayeshinda nyumbani mchana si sawa na aliye zamu bandarini au hotelini Nyali.

Na data ikishaingia, iambie programu ya takwimu kila kaya ilitoka eneo lipi kabla ya kukokotoa chochote. Usipofanya hivyo, itakupa kosa dogo kuliko lililopo, na hakuna ujumbe mwekundu utakaotokea.