Nimeifuta ile diski ya ReactOS

Jumamosi iliyopita nimefuta diski ya gigabaiti 80 iliyokaa kwenye droo ya duka langu, Kirumba, Mwanza, tangu 2016. Juu yake palikuwa na plasta nyeupe niliyoiandika kwa maka peni: REACT, MAMA DAGAA, USIGUSE. Dogo ninayemfundisha kazi alikuwa anaikuta kila akitafuta bisibisi, na kila mara namwambia aiache. Safari hii akasema, "Kaka, si hii tu ingetosha ile mashine ya mwanachuo?" Nikatafuta jibu nikalikosa.

Kwa asiyeijua, ReactOS ni mfumo endeshi huria unaotaka kuifanya kazi ya Windows bila kuwa mali ya Microsoft. Haiigi sura tu. Inataka programu za Windows, na hata draiva zake, ziende humo kama zilivyo. Walianza 1996 kwa jina la FreeWin95, wakapiga soga zaidi ya kuandika programu, 1998 wakaanza upya kwa jina la sasa. Mwaka 1996 mimi nilikuwa natumwa mafuta ya taa kwa chupa ya soda. Leo nina duka na nina mgongo unaouma, na ReactOS bado ni alfa, yaani toleo la majaribio ya awali. Toleo la 0.4.14 lilitoka Desemba 2021, 0.4.15 likafuata Machi 2025.

Sasa huyo mama. Alikuwa anauza dagaa kwa jumla pale Mwaloni, magunia yanayopakiwa kwenda Kongo na Burundi. Kijana mmoja aliwahi kumwandikia programu ya kusoma mzani: unaweka gunia, kilo zinajiandika kwenye kompyuta, bei inatoka, risiti inatoka. Kijana akahama mji na msimbo wake. Programu ilikwenda kwenye Windows XP tu, na mzani ulishika kwa ule waya wa zamani wa pini tisa. Nilipofungua CPU yake mara ya kwanza, ndani mlijaa vumbi la kijivu linalong'aa, vumbi la dagaa, limeshikana kwenye feni kama pamba. Nililipuliza nje ya duka, paka wakaja.

Microsoft waliacha kuihudumia XP Aprili 2014. Virusi vikawa vinaingia kwa kila flashi ya madereva wanaokuja kuchapisha hati zao za mzigo. Leseni ya Windows mpya hakuitaka, na mimi kumpigia Windows ya wizi sikutaka, ingawa mtaani petu hilo si jambo la kuona aibu. Basi Februari 2016 ReactOS 0.4.0 ikatoka. Nikaipakua usiku wa manane kwa bando la usiku, nikaiweka kwenye ile diski, nikafungua programu ya mama.

Ikafunguka! Dirisha la kijivu, vitufe vyote mahali pake, jina lake juu. Sijui kama nimewahi kufurahi hivyo dukani. Nikachomeka mzani, nikaweka betri ya gari juu yake. Sifuri. Nikaongeza na UPS mbovu. Sifuri.

"Toleo lijalo, mama," nikamwambia.

Basi ikawa ndiyo salamu yetu. Akipita asubuhi: "Mwangaluka, fundi. Toleo limezaliwa?" Nami: "Bado kidogo, mayu." Nikajaribu matoleo yaliyofuata, nikabadilisha mashine, nikaanza hata kutafsiri maandishi ya menyu kwa Kiswahili, nikaishia njiani. Sikumwambia kwamba wenye mradi wameandika wazi kuwa ni alfa, si ya mashine ya kazi. Hapo kosa ni langu, wao hawakumwahidi kitu.

Siku moja 2019 nilikwenda Mwaloni kununua kitoweo. Nikamkuta na kaunta buku, simu yenye kikokotoo, na mzani anausoma kwa macho. Ile CPU imelazwa ubavu chini ya meza, juu yake kuna hotipoti ya chapati. Nikamuuliza tangu lini. "Mwaka wa pili huu," akasema. "Nilichoka kukusumbua, mwanangu."

Miaka miwili! Mimi bado napakua.

Mjomba wangu wa Bukoba ananipinga nikisema mradi fulani ungeachwa. Hoja yake ni MV Victoria. Ilisimama 2014, watu wakaizoea bandarini kama jengo, wengine wakasema ikakatwe vyuma. Agosti 2020 ikarudi majini kubeba watu kwenda Bukoba. "Umeona?" ananiambia, kana kwamba aliitengeneza yeye. Ni kweli ilirudi, lakini Bukoba haikuhama. Miaka yote ile abiria walikuwepo, wanabanana kwenye mabasi kuzunguka ziwa, na siku meli ilipopiga honi walishuka na mizigo yao. Mimi humrudisha Kigongo. Vivuko vya kwenda Busisi havikuwa vimekufa, injini zilikuwa zinawaka. Daraja la kilomita tatu likafunguliwa Juni 2025, na foleni ya magari ikapanda juu. Chombo kizima kinaweza kuisha kazi, na chombo kibovu kikawa bado kinasubiriwa.

Ndiyo maana nikiulizwa ni mradi gani wa mfumo endeshi umekaa sana, siangalii kwanza miaka. GNU Hurd ilianza 1990, iwe kerneli, yaani kiini, cha mfumo huru aliouanzisha Richard Stallman. Walichagua njia ngumu: kazi za kiini kugawanywa kwa seva ndogondogo juu ya kiini kidogo kiitwacho Mach. Mwaka uliofuata Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, akatoa Linux, ya njia ya zamani isiyo na madoido. Daraja likawa hilo. Hurd wakajaribu kuhamia viini vingine vidogo: L4, wakaacha, wakajaribu Coyotos, wakaacha, wakabaki na Mach. Stallman mwenyewe alikiri 2010 kwamba kuimaliza si jambo la lazima tena kwa sababu kiini huru kipo. Bado wapo wanaoishughulikia, na Debian GNU/Hurd ya 2025 ilitoka. Mimi sina ugomvi nao. Jioni ni zao, bando ni lao. Mtu anayechonga mtumbwi uani kwake kwa mapenzi haumuulizi atavuka lini. Ugomvi unaanza akikata tiketi.

Haiku nayo ilianza 2001 kufufua BeOS, mfumo endeshi wa miaka ya tisini uliokufa, alfa ya kwanza 2009, beta, hatua inayofuata alfa, ya kwanza 2018. Kobe. Lakini iweke kwenye kompyuta kuukuu uone inavyowaka haraka. Waliolenga kitu kidogo wamekipata.

ReactOS inanipa shida zaidi kuihukumu. Ucheleweshaji wake una sababu za heshima: hawaruhusiwi kunakili hata mstari wa Microsoft, na 2006 ilipozuka tuhuma ya msimbo usio safi walisimama wakaanza kukagua kazi yao wenyewe. Mengi wanashirikiana na Wine, mradi wa kuendesha programu za Windows ndani ya Linux, kwa hiyo jasho halimwagiki lote mchangani. Na akina mama wa mizani bado wapo duniani, wenye vipimo na mashine za karakana zilizofungwa kwenye XP. Ila wanapungua. Wanaolengwa ni watumiaji wa Windows ya zama za Server 2003, na kila mwaka mashine zile zinakufa, wenyewe wananunua kaunta buku. Ningekuwa mle ndani ningeacha neno "mbadala wa Windows", nikachagua mizani. Mizani tu, ifanye kazi kesho.

Ijumaa usiku niliweka 0.4.15 kwenye ile diski kwa mara ya mwisho. Mzani sikuwa nao, nikafungua dirisha la kijivu, nikalitazama kidogo, nikazima. Asubuhi dogo akaweka Linux Mint, mwanachuo kaichukua mashine yake saa saba. Plasta ilibanduka lakini gundi iligoma, tukaisugua kwa petroli.

Programu ya mama nimeihamishia kwenye flashi. Hiyo sijaifuta.