Nusu sekunde inatosha

Mvua haijakatika tangu asubuhi na umeme unakuja unaondoka, basi nimekaa na laptop nachambua picha za maji nilizozirundika kwenye diski muda mrefu, mito, maporomoko, mifereji ya mpunga, vijito ambavyo hata jina sijawahi kuvisikia. Na kuna jambo linanizunguka kichwani kuhusu hizi picha za shata ndefu (shata ni kile kipazia ndani ya kamera kinachofunguka kuingiza mwanga), nimeona niliandike leo leo maana nikilala nalo linapotea.

Kwa asiyejua, mchezo wenyewe uko hivi. Kamera ikifungua shata kwa muda mfupi sana, tuseme 1/1000 ya sekunde, maji yanaganda, unaona kila tone limening'inia hewani. Ukiiacha wazi kwa nusu sekunde, sekunde nne, nusu dakika, chochote kinachotembea kinaacha njia yake kwenye picha na kilichotulia kinabaki kilivyo. Jiwe linabaki jiwe, maji yanakuwa kitu cheupe laini, wengine wanasema maziwa. Ndo zile picha kila mtu akiziona anauliza umeedit na programu gani, wakati hakuna programu hapo, ni muda tu.

Shida inakuwa mwanga. Mchana ukiacha shata wazi sekunde kumi picha inaungua yote, inabaki nyeupe tupu. Hapo ndo inaingia filta ya ND, kioo cheusi cha kufunga mbele ya lenzi kupunguza mwanga. ND8 inapunguza mara 8, ND64 mara 64, ND1000 mara 1000, na hesabu yake haina ugumu wowote, kama bila filta kamera inataka 1/15 basi ukifunga ND64 unazidisha, unapata sekunde 4 na kitu. Ikitaka 1/30 ukafunga ND1000 unapata kama sekunde 33, na kwa kuwa kamera nyingi zenyewe zinaishia sekunde 30 hapo unahamia kwenye hali inayoitwa balbu (bulb), unashikilia shata wazi kwa rimoti huku unahesabu. Fokasi unaiweka KABLA ya kufunga hicho kioo halafu unaizima isijitafutie tena, maana ikiwa nyuma ya ND1000 haioni kitu, inahangaika mbele nyuma tu. Aiso, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, iwe 100, na apacha, yaani tundu la lenzi, f/8 au f/11. Kuna watu wanakimbilia f/22, tundu dogo zaidi, ili wapate muda mrefu bila kununua filta, sawa muda unaupata ila picha inapoteza makali, tundu la lenzi likibanwa sana mwanga unatawanyika unapopita, hata mawe yaliyotulia yanakosa ukali.

Ila sisi wa huku Rungwe, mkoani Mbeya, tuna bahati ambayo watu wa pwani hawana, tuna mawingu. Rungwe ni moja ya sehemu zinazopata mvua nyingi kuliko karibu kote nchini, kuna maeneo yanapita milimita 2,000 kwa mwaka, na ule ukungu wa Tukuyu ambao wageni wanaulalamikia kwangu mimi ni filta ya bure kabisa. Ukishuka bondeni chini ya miti siku ya mawingu, aiso 100 na f/11, kamera yenyewe inakupa nusu sekunde bila kioo chochote. Kitu pekee ninachokifunga siku hizo ni polarisa, filta ya kukata mng'ao. Majani ya migomba yakilowa yanang'aa vibaya mno, yanapiga mwanga mweupe unaoua ile kijani yake, ukiizungusha polarisa taratibu unaona mng'ao unakatika, kijani inarudi, na chini ya maji mawe yanaanza kuonekana. Na inakula mwanga kidogo pia, stopu moja au mbili (kila stopu inakata mwanga nusu), ambayo kwa kazi hii ni faida.

Sasa nije kwenye lenyewe.

Nina picha za Kijungu, pale mto Kiwira unapobanwa kwenye mwamba na kuzunguka ndani ya shimo kama chungu kilicho motoni, ni eneo la chuo cha magereza, si mbali sana na Daraja la Mungu, lile daraja la asili la mwamba. Aliyefika anajua. Pale unasikia mto kwenye miguu kabla hujauona, ardhi inatetema, na ukisimama kuangalia lile shimo mwili wenyewe unakurudisha nyuma hatua (na urudi kweli, mwamba una utelezi, tripodi, ile miguu mitatu ya kamera, isiwe sababu ya kusogea ukingoni). Nimeweka pembeni mbili, moja ya sekunde 30 na nyingine ya nusu sekunde, mahali palepale, dakika zilezile. Ya sekunde 30 ni nzuri ukiitazama haraka, imetulia, mawingu meupe yamelala kati ya mawe meusi. Ila Kijungu hakipo humo. Ile nguvu yote imefutika, maji yamezunguka mara nyingi mno ndani ya huo muda mpaka kila mzunguko umefuta uliotangulia, ungeniambia ni ukungu wa asubuhi juu ya bwawa ningekubali. Ya nusu sekunde ina nyuzi, unaona kabisa maji yanaingia kutoka kushoto, yanagonga ukuta, yanapinda, mengine yanarudi juu na kukutana na yanayokuja. Unaona mto ulikuwa na ghadhabu gani siku hiyo.

Simaanishi muda mrefu ni mbaya siku zote. Chini ya maporomoko ya Kaporogwe, yale ya mita kama 40 kule kusini ya Tukuyu, maji yakishadondoka kuna sehemu pembeni yanatulia kidogo na povu linazunguka. Kwa macho huoni chochote cha maana, povu tu na majani makavu yanaelea. Nikafungua shata sekunde 8, na pale kwenye picha kumetokea duara, mistari myeupe ndani ya mistari, na jani moja la njano limeacha utepe mwembamba karibu nusu ya mzunguko. Hicho kitu kilikuwepo muda wote nimesimama pale, macho yangu ndo hayana uwezo wa kukusanya sekunde nane kwa pamoja. Kwa hiyo muda mrefu unaweza kukuonyesha ukweli ambao jicho halifiki. Hapo naupenda sana. Ila Kaporogwe ujiandae na manyunyu, upepo wa maporomoko unayaleta usoni, unafuta lenzi kabla shata haijafunga tayari imelowa tena, na ile mimea ya ukingoni inachezacheza bila kukoma, unasubiri upepo upumue ndo unabonyeza.

Hili la muda kufuta vitu lina historia ndefu kuliko tunavyodhani. Mwaka 1838 Louis Daguerre, Mfaransa mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, alipiga mtaa mmoja wa Paris kwa muda wa dakika kadhaa, mtaa uliojaa watu na magari ya farasi, na kwenye picha mtaa uko mtupu. Wote walikuwa wanatembea kwa hiyo hawakubaki. Anayeonekana vizuri ni mtu mmoja aliyesimama anasafishiwa viatu. Nikiiangalia huwa nawaza wale wengine wote, walikuwepo, walikuwa na shughuli zao, na kamera imesema hapakuwa na mtu.

Na ndo maana yaliyonitokea Chimala hayaniachii.

Mnaoijua barabara ya kwenda Makambako mnaijua Chimala, mto unashuka kutoka milimani unaingia tambarare la Usangu kwenye mpunga. Nilishuka pale kiangazi, mwezi wa tisa, jua limeshaelekea kuzama. Maji yalikuwa machache, yanapita katikati ya mawe kama vijistari, hapa kijistari, kule kingine. Nikafunga tripodi. Kulikuwa na mama mmoja anafua hatua chache kutoka pale, nikamsalimia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mnapima barabara au mnapima maji?"

Ukiwa na miguu mitatu huku kila mtu anajua wewe ni mpima ardhi au mtu wa ofisi ya bonde la mto, nikamwambia hapana mama, napiga picha tu. Akaniangalia kidogo, akasema ungepima. Halafu akanyoosha kidole chenye povu la sabuni kwenye jiwe moja kubwa lenye mstari mweupe ubavuni, akasema alipoolewa akaja pale, jiwe lile mwezi kama huu lilikuwa halionekani, watoto walikuwa wanalijua kwa miguu tu wakiogelea. Sasa hivi lilikuwa nje lote, mpaka chini, mtu angeweza kukaa akaegemea.

Nikapiga. Kwanza sekunde 25, jua lilikuwa limeshaisha na kile kioo cheusi kilikuwa bado kwenye lenzi. Ikatoka picha nzuri mno, na niliponyanyua skrini kumwonyesha mama akashangaa, akasema eh, maji mengi hivyo? Yametoka wapi?

Hapo nikaelewa. Vile vijistari vyembamba havikai sehemu moja, vinachezacheza, mara kinapita huku mara kinaruka jiwe kinapita kule, na kwa sekunde 25 kila kimoja kilipaka rangi nyeupe pote kilipopita. Mianya yote ikajaa. Chini ya lile jiwe ambapo hapakuwa na maji, pamelowa tu, picha imeweka ukungu mweupe mnene, jiwe linaonekana limezama nusu. Mto wenye kiu umetoka kwenye kamera yangu umeshiba. Na yeye mwenyewe, ambaye alikuwa bado anafua pembeni ya fremu, mgongo wake unaonekana, lakini mikono haipo, imekuwa moshi juu ya beseni.

Nikatoa filta, nikapandisha aiso, nikapiga 1/125. Picha ya kawaida kabisa, hakuna atakayeipenda mtandaoni. Mawe makavu, vijistari vitatu vinne vya maji, mstari mweupe kwenye jiwe unaoonyesha maji yalikuwa yanafika wapi, na mikono ya mama ipo, imekamua shuka, maji yanadondoka kwenye vidole. Akaitazama akasema enhee, huu ndo wenyewe.

Nalisema kwa uzito kwa sababu ya wapi maji yale yanakwenda. Maji ya mito ya Chimala, Kimani, Mbarali, Ndembera, yote yanaingia Usangu, yanapita kinamasi cha Ihefu, yanatoka kuwa mto Ruaha Mkuu, unapita hifadhi ya Ruaha, mabwawa ya Mtera na Kidatu, mpaka mto Rufiji. Tangu 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika kiangazi, mto ambao zamani ulitiririka mwaka mzima unabaki madimbwi ndani ya hifadhi na viboko wanabanana humo. Mashamba yanavuta maji juu, mifugo, mifereji ambayo maji yake hayarudi mtoni, na watu wanaolima ule mpunga ni watu wanaotafuta kula kama mimi na wewe, sio jambo la kumtafuta mbaya mmoja. Ila jambo linaonekana kwa macho, na mtu mwenye kamera amesimama mahali ambapo linaonekana. Halafu anachukua kioo cheusi anajaza mto!

Nimepekua kurasa nyingi za picha za huku kwetu, zangu zikiwemo, na karibu maporomoko yote yanafanana. Masika na kiangazi ni kitu kimoja, meupe, yameshiba, yametulia. Mtu wa Dodoma au Dar akiangalia anasema Nyanda za Juu Kusini maji yapo tele, na kwa nini asiseme hivyo.

Kwa hiyo nimejiwekea utaratibu, sio sheria ya mtu mwingine. Mto ukiwa umejaa, nusu sekunde au robo, unatosha kuonyesha unakwenda wapi na kwa nguvu gani, na Kiwira wa mwezi wa nne hata 1/8 inaleta nyuzi kwa sababu maji yana kasi. Sehemu iliyotulia yenye povu au mzunguko, hapo naenda sekunde nyingi nione kinachofanyika. Mto ukiwa umekauka, shata fupi kwanza, hata kama sitaki, hiyo ndefu ije baadaye na ziwekwe zote mbili pamoja. Na chini ya kila picha naandika mwezi na muda wa shata. Mwezi hasa.

Mnaotumia simu msijione mko nje ya hili, simu nyingi sasa zina pro mode unaweza kuweka shata mpaka sekunde kadhaa, nyingine zinapiga picha nyingi fupi na kuziunganisha zenyewe, matokeo ni yaleyale na kujaza mto zinajaza vilevile. Iegemeze kwenye jiwe, weka taima ya sekunde 2 ili kidole kisiitikise, basi.

Za Chimala nitazipandisha kesho umeme ukikaa, zote mbili, sekunde 25 juu na 1/125 chini yake. Nimeshaprinti ile ya pili kwa ajili ya mama, nikipita njia hiyo tena namfikishia, na lile jiwe nitalipiga tena kutoka palepale, mwezi wa nne na mwezi wa tisa, kila mwaka nikiwa mzima.